Elimu na Ushirikiano wa Jamii katika Kuzuia Mimba za Utotoni: Mfano wa Kata ya Mtumba, Jijini Dodoma

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna elimu na ushirikiano wa jamii vinavyoweza kuzuia mimba za utotoni katika Kata ya Mtumba, Jijini Dodoma, ambako kijiji cha wakulima na wafugaji kimegeuka kuwa makao ya Serikali katika muda mfupi. Hoja kuu ni kwamba kuwapo kwa msichana katika daftari la mahudhurio ndiyo kinga yake kubwa ya kisheria na ya kijamii. Kwa hiyo, juhudi za kuzuia mimba hazina budi kuelekezwa katika vipindi ambavyo msichana hutoka katika daftari hilo: njiani, likizoni, baada ya darasa la saba, na baada ya kujifungua.

1.0 Utangulizi

Mtumba ipo mashariki mwa Jiji la Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Kwa muda mrefu wakazi wake, wengi wao Wagogo, waliishi kwa kilimo cha mtama, uwele, karanga na alizeti, pamoja na ufugaji wa ng'ombe na mbuzi. Mvua za nyanda za kati hunyesha msimu mmoja tu, kati ya Novemba au Desemba na Aprili, nazo mara nyingi huwa haba. Msimu ukiharibika, kaya hukosa chakula na fedha kwa pamoja. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma, na mwezi Aprili 2019 ofisi za kwanza za wizara katika Mji wa Serikali, Mtumba, zilizinduliwa.

Mabadiliko hayo yameleta barabara, umeme na soko la bidhaa. Hata hivyo, ujenzi wa aina hii popote pale huambatana na wanaume wengi wanaoishi mbali na familia zao wakiwa na ujira wa kila siku au wa kila wiki. Msichana anayeuza karanga, maji au chakula kando ya eneo la ujenzi ili asaidie nyumbani huingia katika mahusiano yasiyo na usawa: upande mmoja una fedha na umri, upande mwingine una uhitaji. Mtumba, kwa hiyo, inakutanisha sababu mbili za mimba za utotoni ambazo aghalabu hujadiliwa mbalimbali, yaani umaskini wa kijijini na vishawishi vya mji unaokua.

2.0 Ukubwa wa tatizo

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2010 ulionesha kwamba asilimia 23 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na ujauzito wa kwanza. Utafiti wa mwaka 2015/16 ulionesha ongezeko hadi asilimia 27, na ule wa mwaka 2022 ukaonesha kushuka hadi asilimia 22. Katika utafiti wa 2015/16, Mkoa wa Dodoma ulikuwa na asilimia 39, ukiwa miongoni mwa mikoa iliyoongoza baada ya Katavi na Tabora.

Utafiti huohuo ulibainisha tofauti kubwa kwa kigezo cha elimu. Miongoni mwa wasichana ambao hawakusoma kabisa, zaidi ya nusu walikuwa wameanza uzazi. Miongoni mwa waliofika sekondari, ilikuwa takribani mmoja kati ya kumi. Takwimu hii hunukuliwa sana kama ushahidi kwamba shule huzuia mimba. Inapaswa kusomwa kwa uangalifu. Wakati huo msichana aliyepata ujauzito aliondolewa shuleni, hivyo sehemu ya tofauti hiyo ni tokeo la mimba wala si chanzo chake. Elimu hupunguza mimba, na mimba nayo ilikatisha elimu. Mkakati unaoshughulikia upande mmoja tu huacha nusu ya tatizo.

Madhara ya kiafya yanafahamika. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mama wenye umri wa miaka 10 hadi 19 wanakabiliwa zaidi na kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kujifungua kuliko wanawake wa miaka 20 hadi 24, na watoto wao huzaliwa na uzito pungufu au kabla ya wakati kwa kiwango kikubwa zaidi.

3.0 Sheria na mianya yake

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya tendo la ndoa na msichana wa chini ya miaka 18 kuwa kosa la kubaka, awe ameridhia au hakuridhia, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliongeza kifungu cha 60A, kinachokataza kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, kwa adhabu ya miaka 30 vilevile.

Ukali huo una mlango uliobaki wazi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na Kanuni ya Adhabu ikamtoa katika kosa la kubaka mume wa msichana aliyefikisha umri huo. Maana yake ni kwamba tendo lilelile, kwa msichana wa umri uleule, huweza kuwa jinai ya miaka 30 au ndoa halali, kutegemea kama wazazi wameridhia na kama jina lake limo katika daftari la shule. Msichana wa miaka 15 aliyemaliza darasa la saba bila kuendelea hupoteza ngao ya kifungu cha 60A siku anayoacha kuwa mwanafunzi.

Mwanya huo ulipingwa mahakamani na Rebeca Gyumi, mwanaharakati aliyekulia Dodoma. Julai 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinakiuka Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Serikali. Mwaka mmoja uliotolewa na Mahakama Kuu kwa ajili ya marekebisho ulipita bila Bunge kupitisha mabadiliko.

Kuna ugumu mwingine unaotokana na ukali wenyewe. Mshitakiwa anapokuwa jirani au ndugu wa mbali, familia ya msichana hupima kifungo cha miaka 30 dhidi ya fidia ya ng'ombe au fedha, na mara nyingi huchagua "kuyamaliza nyumbani". Msichana, ambaye ndiye shahidi mkuu, hunyamazishwa na watu anaowategemea kwa chakula. Bila jamii kukubali kutoa ushahidi, adhabu kubwa hubaki katika maandishi.

4.0 Elimu: nini hasa huzuia

Swali la elimu ya aina gani inazuia mimba limejibiwa kwa kiasi na tafiti za magharibi mwa Kenya zilizohusisha shule za msingi 328 kuanzia mwaka 2003. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer waligundua kwamba kuwapa wanafunzi sare za bure kulipunguza utoro wa kudumu na mimba za wasichana, ilhali kuwafundisha walimu mtaala wa UKIMWI uliosisitiza kujizuia hadi ndoa hakukupunguza mimba peke yake. Katika utafiti mwingine, Dupas alionesha kwamba kuwaeleza wasichana kuwa wanaume wenye umri mkubwa wana kiwango kikubwa zaidi cha maambukizi ya VVU kuliko wavulana wa rika lao kulipunguza mimba kwa takribani asilimia 28.

Mafunzo mawili yanaihusu Mtumba. Kwanza, gharama ndogo zina uzito mkubwa. Tangu Januari 2016 ada imefutwa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 hadi kidato cha sita; lakini sare, madaftari, chakula na taulo za kike hubaki juu ya kaya, na msimu wa ukame ndipo mambo hayo madogo humwondoa msichana darasani au kumpeleka kwa mtu wa kumnunulia. Pili, maarifa mahususi yanamfaa msichana kuliko maonyo ya jumla. Kumwambia "jihadhari" hakumfundishi namna ya kutambua zawadi yenye masharti, mahali pa kupata huduma rafiki kwa vijana katika zahanati, wala mtu wa kumwarifu anapotishwa.

Mazingira ya kufika shuleni nayo ni sehemu ya elimu. Pale shule ya kata ilipo mbali, baadhi ya wanafunzi hupanga vyumba karibu na shule, maarufu kama "mageto", ambako huishi bila mlezi. Mabweni au hosteli zenye matroni, na usafiri wa uhakika kwa wasio na bweni, ni hatua za kuzuia mimba sawa na somo lolote la baiolojia.

5.0 Ushirikiano wa jamii

Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, ulioanza mwaka 2017/18, ulianzisha kamati za ulinzi katika ngazi za mtaa, kijiji na kata. Katika kata kama Mtumba, kamati hiyo ina kazi tatu zinazotekelezeka. Ya kwanza ni kulinganisha, kila Januari, orodha ya wahitimu wa darasa la saba na orodha ya walioripoti kidato cha kwanza, kisha kufuatilia kila jina lisiloonekana. Miezi kati ya mtihani wa Septemba na kufunguliwa kwa shule ndiyo kipindi ambacho mipango ya posa na ya kazi za ndani hufanyika. Ya pili ni kuwashirikisha wakandarasi na wafanyabiashara wanaoajiri vibarua, ili wafanyakazi wao wajue sheria na mahali pa malalamiko. Ya tatu ni kuhakikisha kwamba shauri lililofika ofisi ya mtendaji haliishii hapo kwa makubaliano ya fidia.

Familia nayo haina budi kurudishiwa nafasi yake. Zamani bibi na shangazi walimfunda binti kuhusu mwili na utu uzima, na katika sehemu za Ugogo mafundisho hayo yalifungamana na ukeketaji, ambao sasa ni kosa la jinai unapofanywa kwa msichana wa chini ya miaka 18. Kuacha ukeketaji ni lazima, lakini mahali pa mazungumzo yale hapapaswi kubaki patupu. Viongozi wa dini na wazee wa mila wanaweza kuwasaidia kinababa pia kuzungumza na watoto wao wa kiume, kwa kuwa mimba haizuiwi kwa kumwelimisha msichana pekee.

6.0 Kurejea shuleni

Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili au kwa kuolewa, na kwa miaka mingi zilitumika kuwaondoa wenye ujauzito. Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi hao wangeruhusiwa kurejea katika mfumo rasmi, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo ukatoa utaratibu. Zanzibar ilikuwa imeruhusu tangu mwaka 2010, na Kenya tangu 1994.

Hofu kwamba ruhusa hiyo itachochea mimba haizingatii hali halisi: msichana aliyefungiwa shule hubaki bila ujuzi na bila kipato, na huwa katika hatari ya kupata mimba ya pili upesi. Kurejea kwake, kwa hiyo, ni kinga. Lakini waraka hauleei mtoto. Bila bibi, jirani au kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, haki hiyo hubaki kwa wachache.

7.0 Hitimisho

Kinga dhidi ya mimba za utotoni Mtumba haitegemei hatua moja. Sheria inahitaji mashahidi, shule inahitaji sare na njia salama, na waraka wa kurejea unahitaji mlezi wa mtoto. Kinachounganisha mambo hayo ni jamii inayojua idadi ya wasichana wake na mahali walipo. Kata inayotazamana na ofisi za wizara zote ina nafasi ya pekee: sera zinapoandikwa upande mmoja wa barabara, utekelezaji wake unaweza kupimwa upande wa pili, kwa kuhesabu wasichana walioripoti kidato cha kwanza na waliofika kidato cha nne.