Picha zilizouzwa uani kwa dola 75 sasa ni pambo la sebule

MCHORAJI J.C. Leyendecker alipofariki dunia mwaka 1951 huko New Rochelle, jimbo la New York nchini Marekani, aliacha nyumba kubwa iliyojaa picha za rangi ya mafuta. Charles Beach, mwanamume aliyeishi naye kwa karibu miaka 50, aligawana urithi na dada wa marehemu. Picha nyingi ziliishia kuuzwa uani kama vyombo vikuukuu, baadhi zikitajwa kuondoka kwa dola 75 tu.

Mei 2021, picha yake moja ya mwaka 1914, ya mvulana aliyeumia katika mpira wa Kimarekani, iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 4.

Turubai na rangi havikubadilika. Kilichobadilika ni kile ambacho mnunuzi anakijua kuhusu mzigo.

Leyendecker alizaliwa Ujerumani mwaka 1874 na kukulia Chicago. Alichora majalada 322 ya jarida la Saturday Evening Post, lakini kazi iliyomtajirisha ilikuwa matangazo ya kola za Arrow, zilizotengenezwa katika mji wa Troy. Enzi hizo kola iliuzwa peke yake na kufungwa kwenye shati kwa vifungo. Mwanamume maridadi wa matangazo hayo akawa kipenzi cha Wamarekani, na mashabiki wakamwandikia barua wakidhani ni mtu wa kweli.

Kwa kiasi fulani hawakukosea. Aliyekaa mbele ya mchoraji kwa picha nyingi alikuwa Beach. Wanahistoria wengi wa sanaa wanawachukulia wawili hao kuwa walikuwa wapenzi, jambo ambalo wakati huo lingeweza kumfikisha mtu jela na kumnyima kazi zote. Kwa hiyo habari ilifichwa, na picha zikabaki kuonekana kama matangazo ya nguo yaliyopitwa na wakati.

Leo habari hiyo inasemwa wazi. Mwaka 2023 jumba la makumbusho ya historia la jijini New York lilifanya maonyesho maalumu ya kazi zake, na nakala zake sasa zinatundikwa katika nyumba za watu wanaotaka sanaa ya zamani inayoonyesha maisha ya wapenzi wa jinsia moja. Zinazopendwa ni zile za wanaume wawili waliotulia pamoja sebuleni, wamevaa vizuri.

Anayezitundika huanza na ukubwa. Juu ya kochi, picha moja yenye upana wa karibu theluthi mbili ya kochi hupendeza kuliko vipande vingi vidogo vilivyotawanyika. Katikati ya picha pakae sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu aliyesimama.

Fremu ya mbao nyeusi au ya dhahabu iliyofifia hulingana na rangi za enzi hizo. Kati ya karatasi na kioo huwekwa pambizo nene, ili picha isigande kwenye kioo. Jua la moja kwa moja hupausha rangi. Katika miji yenye unyevu kama Mombasa na Dar es Salaam, vipande vidogo vya mpira nyuma ya fremu huacha nafasi ya hewa, ukuta usije ukaoza karatasi.

Kwa anayefikiria kuchapa na kuuza, hakimiliki si kikwazo kikubwa. Nchini Marekani, kazi zilizochapishwa kabla ya 1930 ziko huru. Kenya, Tanzania na Uganda hulinda kazi ya sanaa kwa miaka 50 baada ya kifo cha msanii, muda ambao kwa Leyendecker uliisha mwaka 2001. Jina Arrow, hata hivyo, bado ni chapa yenye mwenyewe, na halifai kubandikwa kwenye bidhaa nyingine.

Tahadhari kubwa iko mpakani. Sheria ya Uganda ya mwaka 2023 inaadhibu kile inachokiita kukuza mapenzi ya jinsia moja kwa kifungo cha hadi miaka 20. Picha ya mwanamume aliyevaa kola inaweza kupita kimya, lakini maelezo yaliyobandikwa nyuma yake yakasomwa vingine. Huko New York, maelezo hayo hayo ndiyo yanayoongeza bei.

Beach alifariki miaka michache baada ya mwenzake, bila kuona thamani ya alichokiuza. Kwa miaka mingi sura yake iliuza kola bila jina lake kutajwa. Siku hizi, picha hizo zinapotundikwa ukutani, jina lake husomwa kwenye maelezo, pamoja na la mchoraji.