Lenzi ya ami na mama chai wa Malaba

Hayati ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori baina ya Mombasa na Kampala. Alituachia picha moja aliyopigwa Malaba, upande wa Kenya, kwa kamera ya filamu. Kushoto ni kichwa cha lori, katikati yeye na kofia yake, na kulia kabisa mama muuza chai aliyewalisha kwa mkopo foleni ilipogoma kusonga. Mwanawe, ambaye sasa anaendesha njia hiyo hiyo, aliniomba nimpige picha kama ile.

Nikaifunga lenzi ile ile ya ami, milimita 50, kwenye kamera yangu ya dijitali. Kwa kuangalia ukuta wa duka uliopo hadi leo, tulikadiria aliposimama mpiga picha, kama mita 10. Nikabofya, nikamwonyesha.

"Kaka, na mama chai je?"

Hakuwemo! Wala lori halikuonekana ila kioo kimoja.

Wengi husema lenzi ya 50 ikivishwa kamera kama yangu "hugeuka" 75. Haigeuki, ndugu msomaji. Lenzi humwaga ndani ya kamera duara la picha, na kamera hukata kipande chake. Fremu ya filamu ya milimita 35 hukata 36 kwa 24. Sensa yangu ni 23.5 kwa 15.6 tu, kwa hivyo pembeni hupotea, kama picha iliyopunguzwa kwa makasi. Kwa mita 10, filamu ya ami ilibeba upana wa mita 7 na kidogo. Yangu haikufika hata 5.

Nikarudi nyuma hadi mita 15, huku bodaboda zikinipigia honi. Wote waliingia, lakini picha ikawa nyingine: duka la nyuma lilionekana kubwa zaidi mbele ya binamu yangu kuliko lilivyokuwa nyuma ya baba yake. Ukibadilisha pa kusimama, vitu hubadilisha ukubwa wao baina yao, na hakuna lenzi itakayolirekebisha hilo.

Dawa ni kusimama pale pale na kubadilisha lenzi. Gawa 50 kwa 1.5, utapata 33. Ile lenzi ya kawaida ya 18 hadi 55 niliyokuwa nimeidharau nikaizungusha karibu na 33, na muuza chai wa leo akaingia na birika lake.

(Wazee wa studio wataikumbuka filamu ya sentimita 6 kwa 6, ambayo lenzi yake ya kawaida ilikuwa 80. Kipande kikubwa, namba kubwa. Hesabu ni ile ile.)

Kamera zenye sensa ya 36 kwa 24 zipo, lakini bei yake siiwezi. Nimesafisha nakala mbili. Ya pili binamu yangu ataibeba safari ijayo ampelekee yule mama.