Mweleze Huyo Huyo Daktari wa Presha

Katika kaunti za Homa Bay na Migori, mambo ya chumbani yamekuwa na mlango wake hospitalini kwa zaidi ya miaka ishirini. Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya VVU katika hospitali ya Homa Bay mwaka 2001, na baadaye kliniki maalumu zikaenea hadi visiwani. Zilihitajika. Uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya watano Homa Bay anaishi na virusi, na Migori asilimia 13, ilhali nchi nzima ilikuwa chini ya asilimia 5.

Ila mlango ule ulijenga dhana moja mbaya: ukitaja tendo la ndoa mbele ya daktari, lazima iwe ni virusi. Basi mzee aliyepungukiwa nguvu za kiume hasemi, na mama anayeumia akikutana na mumewe hasemi. Mmoja anaishia kwa muuza dawa wa sokoni mwenye kipaza sauti, mwingine kwa mganga atakayemwambia ni chira, kuna mwiko umevunjwa nyumbani.

Mwaka 2025, ufadhili wa Marekani ulipotikisika, kaunti ziliambiwa ziunganishe huduma za VVU na zile za kawaida za wagonjwa wa nje. Wapo wanaoogopa kukaa benchi moja na jirani, na siwalaumu. Lakini kwa wale wengine, waliokuwa hawana mlango kabisa, naona nafasi. Madaktari bingwa wa familia, ambao wangefaa kuwasikiliza, bado ni wachache nchini; Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuwafunza mwaka 2005 tu. Huku kwetu kazi yao hufanywa na afisa wa kliniki wa zahanati au kituo cha afya, yule mnayemwita daktari, ambaye tayari anajua presha yako na sukari ya mama yako.

Na presha hiyo ina uhusiano mkubwa na shida ya mzee wetu. Uume husimama kwa damu, na mishipa inayoupelekea damu ni myembamba kuliko ile ya moyo. Presha, kisukari, sigara na mafuta vikianza kuharibu mishipa, mara nyingi ile myembamba hulalamika kwanza, pengine miaka kadhaa kabla ya moyo wenyewe. Kwa hiyo anayekuja kwangu na shida hiyo nampima presha na sukari kabla ya kuzungumzia kidonge chochote. Zipo pia dawa za presha zinazopunguza nguvu za kiume. Ukihisi hivyo usiziache kimyakimya, sema zibadilishwe. Zile "dawa za miti shamba" za sokoni nyingine zimewahi kukutwa zimechanganywa na dawa za hospitali bila kuandikwa. Kwa mtu anayetumia vidonge vya maumivu ya moyo, mchanganyiko huo unaweza kushusha presha hadi kuua.

Kwa wanawake, uchafu ukeni si lazima uwe ugonjwa wa zinaa. Fangasi na bakteria wa kawaida huuleta pia. Kinyume chake, kisonono na klamidia huweza kukaa kimya mwilini mwa mwanamke bila dalili yoyote huku vikiziba mirija ya uzazi. Ndiyo maana mume akitibiwa, mke naye atibiwe, hata kama hasikii chochote, na hata kama mume ni mvuvi aliyekwisha kuhamia ufuo mwingine. Damu inayotoka baada ya kujamiiana haingoji. Hapo daktari anatafuta saratani ya mlango wa kizazi, inayoua wanawake wetu wengi kuliko saratani nyingine. Migori watafiti waliwahi kuwapa wanawake vijiti wajichukulie wenyewe sampuli ya kirusi kinachoileta, na waliofanyiwa hivyo kwenye kambi za vijijini walipimwa wengi zaidi kuliko walioambiwa waende kituoni. Uliza kama kipimo hicho kipo kituoni kwako. Kama hakipo, kile cha siki hufanyika kwa dakika chache.

Namna ya kuanza? Sema mapema, usingoje umeshika kitasa: "Daktari, leo nimeleta jambo la sehemu za siri." Omba mlango ufungwe. Mzee anayeona haya mbele ya muuguzi wa umri wa bintiye anaweza kuomba ahudumiwe na mwanamume, na mama vivyo hivyo kwa mwanamke. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2006 inakataza kutoa matokeo yako ya kipimo cha VVU kwa mtu mwingine bila idhini yako, akiwemo shemeji anayefanya kazi hapo hapo kwenye rekodi. Na kama usiku wa jana kondomu imepasuka, au mtu amekulazimisha, acha kupanga miadi: dawa ya kuzuia virusi lazima ianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inaipunguzia nguvu.