Dexa haifanyi kazi peke yake

Dexa inajulikana mu nyumba mingi za wachimbaji. Munganga anaiandika juu ya asima ao uvimbe. Wengine wanaimeza bila munganga, ili wanenepe tu. Lakini ile kinini inafanya nini mu mwili? Sehemu moja ya jibu ilitoka mu levire, ile ile ya mukate na pombe.

Dexa inafanana na kortizoli, ormoni ya mwili wenyewe. Ndani ya selile kuko proteini yenye kuipokea, tuiite mpokeaji. Ormoni ikifika, mpokeaji anaingia mu kiini cha selile, anaamsha jeni fulani na kuzimisha zingine. Mbele ya pale, anashikwa na proteini ingine, Hsp90. Hii ni ya jamaa ya proteini ambazo selile inatengeneza kwa wingi ikipata joto kali.

Wengi waliwaza Hsp90 ni kufuli tu: itoe, na mpokeaji ataanza kazi hata bila ormoni. Levire ilifaa kwa kujaribu, kwani haina mpokeaji wa kortizoli wa kwake. Ukitia ule wa panya, unaona kazi yake yeye tu.

Mwaka 1990, Didier Picard na wenzake, mu laboratware ya Keith Yamamoto kule San Francisco, walipunguza Hsp90 ya levire karibu mara 20. Levire iliendelea kukomaa vizuri. Mpokeaji? Bila ormoni, kimya. Na ormoni, alijibu kidogo sana! Kumbe Hsp90 inamtayarisha kupokea, sawa vile mwenye kushika ngazi chini wakati mwenzake anapanda. Tena iko na wenzake: Hsp70 inatangulia, p23 inakuja nyuma kukaza. Levire iko na p23 ya kwake, inaitwa Sba1.

Mpokeaji huyu, pamoja na wasaidizi wake, iko karibu fasi yote ya mwili wetu: mifupa, ubongo, damu. Ndiyo maana dexa inagusa yote. Ikimezwa muda mrefu inapandisha sukari, inalegeza mifupa, inapunguza nguvu ya kupigana na kifua kikuu, ugonjwa ambao mwenye kuvuta vumbi la shimo anaujua. Na tezi za juu ya figo zinazoea kupumzika. Ukiikata mara moja, unaweza kuanguka. Munganga ndiye anaipunguza, pole pole.