Mwadi Mabika, Mkongo aliyetwaa mataji mawili ya kikapu Marekani

Wakitajwa Wakongo waliovuma katika mpira wa kikapu nchini Marekani, jina la marehemu Dikembe Mutombo hutangulia, na mara nyingi orodha huishia hapo. Hata hivyo Mutombo, pamoja na misimu yake 18 katika ligi ya NBA, hakuwahi kutwaa ubingwa wake. Mzaliwa mwenzake wa Kinshasa, Mwadi Mabika, alitwaa ubingwa wa ligi ya wanawake, WNBA, mara mbili.

Mabika alizaliwa mwaka 1976, nchi ikiitwa Zaire. Zaire ilikuwa bingwa wa Afrika kwa wanawake mwaka 1994, na miaka miwili baadaye ikaenda kwenye Michezo ya Olimpiki ya Atlanta. Huko ilishindwa michezo yote na kushika nafasi ya 12, ambayo ndiyo ya mwisho. Wenyeji Marekani waliifunga pointi 107 kwa 47. Julai hiyohiyo Mabika alitimiza miaka 20.

Mwaka uliofuata mambo mawili yalitokea kwa kufuatana. Tarehe 17 Mei 1997 utawala wa Mobutu ulianguka, na jina la Zaire likafutwa. Tarehe 21 Juni, WNBA ikacheza mchezo wake wa kwanza kabisa, kati ya Los Angeles Sparks na New York Liberty. Mabika alianza na Sparks msimu huohuo, akiwa amewahi kuvaa jezi ya taifa ambalo jina lake halikuwapo tena.

Ubingwa haukuja upesi. Houston Comets walitwaa mataji manne ya kwanza ya ligi hiyo, na Sparks walikuwa miongoni mwa walioumia: mwaka 2000 walishinda michezo 28 kati ya 32 ya msimu wa kawaida, kisha wakatolewa na Houston. Mwaka 2001 walirudia hesabu ileile ya ushindi, safari hii wakaimaliza kazi kwa kuifunga Charlotte Sting katika fainali. Mwaka 2002 waliishinda New York Liberty na kulihifadhi taji.

Nyota wa timu alikuwa Lisa Leslie, aliyetamba chini ya kikapu. Mabeki walipomzonga, nafasi ilifunguka pembeni, na hapo ndipo Mabika alipokuwa hatari, hasa kwa mitupo ya mbali yenye thamani ya pointi tatu. Katika msimu wa 2002 alifunga wastani wa karibu pointi 17 kwa mchezo, na kwa mara ya pili akateuliwa katika kikosi cha nyota wa ligi. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2000. Si haki kumwita msaidizi wa Leslie tu.

Alidumu na Sparks hadi 2007. Msimu wake wa mwisho katika WNBA, 2008, aliuchezea Houston Comets, walewale waliokuwa wakimzuia njia. Desemba mwaka huo klabu hiyo ikavunjwa.

Tangu Atlanta, timu ya wanawake ya kikapu ya Kongo haijacheza tena katika Olimpiki.