Mali Bila Daftari: Funzo la Mizani ya Chai kwa Waombao Ufadhili

Mkulima mdogo wa chai katika vilima vya Kericho na Bomet apelekapo majani yake kwenye kituo cha kununulia, karani huyapekua kwanza, kisha huyapima. Majani yaliyokomaa na kukauka hurudishwa. Yanayotakiwa ni majani mawili na chipukizi. Hakuna karani anayepokea chai mbovu kwa kuwa mwenye kuileta ni maskini au ametoka mbali. Mkulima naye huikodolea macho ile mizani, na risiti yake huiweka mahali pa salama, maana ndiyo shahidi wake siku ya malipo.

Ni ajabu iliyoje, basi, kwamba watu hao hao wanaojua thamani ya mizani huisahau mara tu wanapoketi kuandika ombi la kutafutia kikundi chao au shule yao ufadhili! Barua nyingi za aina hiyo hujaa vilio na sifa. Utasoma kwamba jamii "imesahaulika", kwamba watoto "wanateseka mno", na kwamba mfadhili ni "baba na mama". Hutaona idadi ya watoto hao, wala chanzo cha mateso yenyewe, wala siku ambayo mateso hayo yatakoma endapo fedha zitapatikana. Hayo, ndugu msomaji, ni majani makavu.

Jambo hili si dogo wakati huu. Mnamo Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nchi za nje kwa siku 90, na ilipofika tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID likakoma kuendesha shughuli za misaada. Kericho yaelewa uzito wa habari hiyo, kwa kuwa kwa miaka mingi mradi wa Walter Reed wa jeshi la Marekani, ukishirikiana na KEMRI, ulifanya utafiti na kusaidia huduma za UKIMWI katika eneo hilo. Kisima kimoja kikikauka, wote hukimbilia vilivyosalia. Atakayechota ni yule aliyekuja na ndoo isiyovuja.

Ombi la ufadhili hasa ni nini? Kwa maoni yangu, ni ahadi yenye hesabu, wala si ombaomba lililopigwa chapa. Mwandishi husema: tatizo letu ni hili, chanzo chake ni hiki, tutafanya hivi, itagharimu kiasi hiki, na mtaweza kuja kutupima kwa njia hii. Viungo hivyo vitano vikishikamana, ombi husimama. Kimoja kikikatika, lote huanguka.

Na tuchukue mfano wa kubuni. Shule moja ya msingi inaomba matangi ya maji. Mfadhili aliye Nairobi au London ameiona picha ya mashamba ya chai yaliyonawiri, na papo hapo anauliza: je, nchi ya mvua kama hii yakosaje maji? Swali lake ni la haki, na mwandishi asiyelijibu amekwisha shindwa. Jibu laweza kuwa kwamba shule haiko kwenye ukanda wa chai, bali iko upande wa Chepalungu ambako ardhi ni kavu zaidi. Au laweza kuwa kwamba mvua yenyewe ni tele, ila hakuna pa kuihifadhi, na wakati wa kiangazi watoto hutumwa mtoni saa za masomo. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Sasa twende kwenye hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja. Paa la madarasa lenye mita 200 za mraba, likipata mvua ya milimita 20, litatoa lita 4,000. Tukitoa sehemu moja ya tano kwa ajili ya maji yatakayopotea, zitabaki lita 3,200. Wanafunzi 400 wakipewa lita mbili kila mmoja, watatumia lita 800 kwa siku. Kwa hiyo tangi la lita 10,000 lililojaa litawatosha kwa siku kumi na mbili na nusu tu. Mwenye kuahidi kwamba tangi moja "litamaliza kabisa shida ya maji" amejitia kitanzi. Siku ishirini za masomo bila mvua zahitaji lita 16,000, yaani matangi mawili kama hilo. Naam, hesabu hii yaweza kufanywa na mwanafunzi wa shule, na ingefaa sana afanye yeye!

Nguvu ya ushahidi tumekwisha kuiona hapa hapa nyumbani. Septemba 2011, wakulima wa Longisa, Bomet, waliona mahindi yao yakigeuka manjano na kukauka kabla ya wakati. Wataalamu waliyapima, wakathibitisha kuwa ni virusi viwili vilivyoshirikiana. Balaa ilipopata jina, mahali na tarehe, haikuwa uvumi tena. Mnamo 2013 kituo maalumu cha kupimia mbegu zinazostahimili maradhi hayo kikafunguliwa Naivasha.

Hesabu ya gharama nayo isifichwe. Mifereji ya paa, usafirishaji, ujira wa fundi na matengenezo ya miaka ijayo viandikwe vyote. Mchango wa jamii pia utiwe thamani: mchanga, mawe, na siku za kazi za wazazi. Wakipsigis wana kokwet yao, baraza la ujirani ambamo mambo ya pamoja huamuliwa. Kumbukumbu za kikao kama hicho, zikiwa na tarehe na sahihi, zina uzito kuliko kurasa kumi za sifa. Mkono mtupu haulambwi.

Usajili nao usipuuzwe. Vikundi vya kijamii vina sheria yao ya mwaka 2022, na Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013 ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024, ikachukua nafasi ya ile ya 1990 iliyosimamia mashirika yasiyo ya kiserikali. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba mfadhili akiona hakuna daftari, hata hiyo mali haiji.

Wapo watakaosema kwamba uandishi huu ni kazi ya wasomi wa mijini wanaolipwa kwa kila ukurasa. Sikubaliani nao. Mtaalamu wa kukodiwa hawajui watoto wanaokwenda mtoni, na siku mfadhili atakapofika kuuliza, yeye hayupo. Mwalimu yupo. Afadhali mwalimu na wanafunzi wake wazihesabu ndoo kwa wiki mbili, wapime paa kwa kamba, waulize bei dukani, kisha waandike kurasa nne za kweli. Wakinyimwa fedha safari hii, watabaki na daftari la kuanzia safari ijayo.

Tusiwafundishe vijana wetu kuuza umaskini wao. Tuwafundishe kupima, kuahidi kile wanachoweza kukitimiza, na kurudi na risiti mkononi. Mizani wanaifahamu tangu utotoni. Kilichobaki ni kuwapa kalamu.