Kwa Nini Mipungate Yetu Inaumwa



Jumamosi ya kwanza baada ya likizo, mwanafunzi wangu mmoja aliingia darasani amekumbatia mfuko wa dukani. Ndani yake mlikuwa na chungu kidogo cha mpungate niliompa mwezi wa Septemba. "Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "amekufa." Siku nyingine ningemsahihisha: mpungate uko katika ngeli ya M-MI, kwa hiyo tunasema umekufa. Siku ile sikumsahihisha.

Hakuwa peke yake. Katika vyungu 14 nilivyogawa, nimeshaletewa 6 vinavyoumwa, na watoto karibu wote wanadhani wameviua kwa kusahau kuvimwagilia. Basi niseme wazi kabla ya lolote: kosa ni langu. Mimi ndiye niliyewaambia "mwagilieni kidogo kila Jumamosi mkirudi shuleni." Mkatii. Mngesahau, mipungate mingi ingekuwa mizima leo.

Tuanze na jina. Kamusi hutupa mpungate, na pia dungusi kakati. Mtoto akisema kaktasi tutamwelewa, ila ajue kwamba maneno mengine yapo.

Wazazi kadhaa wameniambia, "Mwalimu, kule kwetu unaota wenyewe, hakuna anayeumwagilia." Ni kweli. Asili yake ni Amerika, lakini ulipoletwa Afrika Mashariki ulistawi kupita kiasi. Huko Laikipia, Kenya, umesambaa hadi wafugaji wanaulalamikia, maana miiba yake inaumiza midomo ya mbuzi na ng'ombe. Lakini tusichanganye. Ile miti mirefu yenye matawi kama kinara cha mishumaa, kama ile iliyojaa karibu na Ziwa Nakuru, si mipungate hata kidogo. Ni ndugu wa mnyaa tunaojengea ua. Ukiukata unatoa utomvu mweupe kama maziwa, na hapa nasema kama muuguzi: utomvu huo ukiingia jichoni unaunguza vibaya. Suuza kwa maji mengi mara moja, kisha nenda hospitali. Mpungate wa kweli utautambua kwa miiba yake. Hutoka kwenye vidoa vidogo vyenye manyoya kama pamba, mingi kwa pamoja.

Sasa, mmea unaowashinda wafugaji wa Laikipia unakufaje kwenye dirisha la jikoni hapa Leicester?

Jibu liko kwenye mwanga. Mwezi wa Desemba hapa hatupati hata saa 8 za mchana, na jua linazama kabla ya saa 10 alasiri. Mmea hutumia maji kwa kadiri ya mwanga na joto unaopata. Mwanga ukipungua, mpungate husimama kukua, hulala. Ukiumwagilia umelala, maji hayaendi popote. Yanakaa kwenye udongo wa baridi, mizizi inakosa hewa, kuvu inaingia, na kuoza kunaanza chini kwa chini kabla hujaona kitu juu.

Zaidi ya hapo, mpungate ni hodari wa kubana matumizi. Mimea mingi hufungua vitundu vyake vya kupumulia mchana, na maji mengi hutoroka humo kwa sababu ya jua. Mpungate hufanya kazi zamu ya usiku, kama mimi. Hufungua vitundu hivyo gizani, huvuta hewa ya ukaa na kuihifadhi, kisha hufunga asubuhi na kuitumia kutengeneza chakula jua likitoka. Hivyo hupoteza maji kidogo sana.

Jambo lililotudanganya wengi ni hili. Hospitalini tunafundishwa kwamba dalili moja inaweza kuwa ya magonjwa mawili yaliyo mbalimbali kabisa. Mpungate wenye kiu husinyaa, na uliooza mizizi nao husinyaa, kwa sababu mizizi iliyokufa haiwezi kunyonya maji hata ikiwa imezama ndani yake. Mtu akiuona umesinyaa, anaongeza maji, na hapo ndipo anapoumaliza. Mama mmoja, ambaye ameniruhusu niseme, alikuwa akiuongezea mpungate maji kila usiku mtoto akishalala, ili mtoto asije akahuzunika. Na mtoto naye alikuwa akiumwagilia Jumamosi, kama nilivyomwagiza.

Kwa hiyo usiangalie mmea peke yake. Chukua kijiti cha mishikaki, kichomeke kwenye udongo mpaka chini ya chungu, kiache dakika chache, kisha kichomoe. Kikitoka na unyevu au udongo umegandamana nacho, weka kopo la maji chini. Kikitoka kikavu kabisa, na mmea umesinyaa lakini bado mgumu, hiyo ni kiu. Njia nyingine ni kunyanyua chungu. Chungu kikavu ni chepesi ajabu, na watoto huujua uzito wake upesi kuliko sisi.

Kisha gusa shina kwa chini, taratibu, kwa kitu butu kama mpini wa kijiko. Sehemu ya kahawia iliyo ngumu na kavu kama gome la mti ni uzee tu, hauumi. Sehemu laini, yenye majimaji, ya njano au nyeusi, ndiyo ya kuhofia. Hapo usisubiri wiki ijayo. Uzungushie mpungate gazeti lililokunjwa ili usichomwe, uutoe kwenye chungu, uitazame mizizi. Mizizi mizima ni migumu na rangi yake ni nyeupe au ya maziwa. Iliyooza ni nyeusi, inateleza, na mara nyingi inanuka. Mzazi (si mtoto) achukue kisu kilichofutwa kwa spiriti, akate mpaka afike kwenye nyama safi isiyo na doa, akifuta kisu kila anapokata. Kisha uache mmea kivulini mahali penye hewa mpaka kidonda kikauke na kufunga, pengine wiki moja, pengine mbili au zaidi kama shina ni nene. Usiuweke kwenye udongo na kidonda kibichi. Kikishakauka, uweke juu ya udongo mkavu wenye changarawe na usubiri mizizi mipya.

Kwa udongo, nusu mboji na nusu changarawe au mchanga mnene inatosha, na chungu lazima kiwe na tundu chini. Mchanga wa ufukweni msiutumie, una chumvi.

Mengine ni mepesi. Mpungate uliorefuka kwa juu, mwembamba na uliopauka kama kidole, unatafuta mwanga. Usogeze kwenye dirisha linalotazama kusini. Hautarudi kuwa mnene pale ulipokonda, ila sehemu mpya itakuwa nzuri. Usiuweke juu ya hita, na usiufungie nyuma ya pazia usiku, maana pale kwenye kioo baridi ni kali. Na mkitaka kuutoa nje, ngojeni mwisho wa Mei baridi ya kugandisha ikishapita, na muuzoeshe jua kidogo kidogo kwa wiki mbili. Ukitolewa ghafla huungua, unapata mabaka meupe upande wa jua, na kovu hilo halifutiki. Ukiona vitu kama pamba katikati ya miiba, hao ni wadudu. Wafute kwa kijiti cha masikioni kilicholowa spiriti, na urudie baada ya wiki.

Wawili kati yenu mna ule wenye kichwa chekundu. Huo nataka kuueleza, kwa sababu unaweza kufa na nyinyi hamna kosa lolote. Ni mimea miwili iliyounganishwa. Kile chekundu cha juu hakina rangi ya kijani, na bila hiyo mmea hauwezi kujitengenezea chakula, kwa hiyo kinalishwa na shina la kijani lililo chini yake. Maisha ya namna hiyo kwa kawaida ni ya miaka michache tu. Na yule aliyeniuliza mbona ua la mpungate wake halinyauki tangu Septemba: mwanangu, nimeliangalia. Limebandikwa kwa gundi dukani. Libandue polepole kama linakubali, au liache.

Maagizo mapya, basi, yafute yale ya Septemba. Tangu sasa mpaka katikati ya Machi, msimwagilie kabisa, isipokuwa ule uliosinyaa sana huku udongo wake ukiwa mkavu kabisa. Huo upate kikombe kidogo siku moja yenye jua. Kuanzia Machi, kila udongo ukikauka mpaka chini, mwagilieni kwa wingi mpaka maji yatoke kwenye tundu, mmwage yaliyobaki kwenye kisahani, kisha msubiri ukauke tena. Wakati wa joto hiyo inaweza kuwa kila baada ya wiki moja au mbili, lakini mwamuzi ni kijiti, si kalenda. Ikifika Oktoba punguzeni mpaka muache. Kwa wenye mshubiri jikoni, maagizo ni karibu yale yale.

Jumamosi ya kwanza ya Machi nitaleta mboji, changarawe, magazeti ya zamani na glovu nene. Leteni vyungu vyote, hata vile mnavyodhani vimekufa, na kila mtoto alete kijiti chake cha mishikaki. Ule mpungate wa kwenye mfuko niliukata juu ya sehemu iliyooza, ikabaki robo tatu yake. Uko kwenye rafu yangu nyumbani, kidonda kimefunga, mizizi bado. Nitauleta mwenye nao auone.